Amri na Mguu

Mtoto wa Nkende, wilayani Tarime, akitumwa dukani asubuhi, hutazamwa na wengi njiani. Kama kisigino chake cha kulia hakigusi ardhi, na mkono wa upande ule ule umejikunja kifuani, hukumu hutolewa kabla hajafika aendako. Mmoja atasema ni mvivu. Wa pili atasema akili yake haikutimia. Hapana aulizaye amri iliyotoka kichwani imepotelea wapi.

Lugha nayo haimsaidii. Hali hiyo huitwa mtindio wa ubongo, na jina hilo hilo hutumika kwa upungufu wa akili. Jina moja limebebeshwa mizigo miwili, na mzigo wa pili humwangukia hata asiyestahili kuuchukua. Ubongo uliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, au ulioshambuliwa na malaria kali, waweza kuumia katika sehemu iamrishayo misuli, ile ya kufikiri ikabaki salama. Wako ambao zote mbili huumia. Walakini hilo halijulikani kwa kutazama mwendo.

Kwa mwili wa namna hiyo, mbio fupi ni mtihani mgumu. Msuli uliokakamaa una tabia ya ajabu: ukinyoshwa polepole hukubali, ukinyoshwa ghafla hukataa. Ndiyo sababu wapimaji wa wanariadha hulishika goti wakalinyosha taratibu, kisha kwa kasi, wakiangalia linakwama wapi. Kwa vipimo kama hivyo wakimbiaji hutengwa katika madaraja manne, T35 hadi T38. T37 ni ya walioguswa upande mmoja wa mwili, kama mtoto yule wa njiani. T36 ni ya wale ambao viungo vyao huchezacheza bila kutakiwa au hukosa mizani. Basi mkimbiaji wa mita 100, kadiri azidishavyo kasi, ndivyo auamshavyo upinzani wa mwili wake mwenyewe. Charl du Toit wa Afrika Kusini alishinda mbio hizo za T37 huko Rio mwaka 2016 kwa sekunde 11.45. Wengi wenye viungo timamu wangeuona mgongo wake tu.

Wala hapana haja ya kwenda kusini. Kutoka Tarime hadi Sirari, mpakani mwa Kenya, si safari ndefu, na Kenya ndiko atokako Samson Opiyo. Mwaka 2024, mjini Paris, aliruka mita 6.20 katika daraja la T37 akapata medali ya fedha, medali pekee ya nchi yake katika michezo ile. Mruko hutanguliwa na mbio, na mguu wa mwisho hauna budi kuukanyaga ubao bila kuupita, kasi ikiwa imefika kileleni.

Tanzania, hadi michezo hiyo, ilikuwa haijapata medali hata moja. Mwalimu aweza kuchora mistari uwanjani Nkende na kumpa mtoto njia yake ya kukimbilia leo hii. Lakini mtu wa kulishika goti lile na kusema, huyu ni wa T37, hapatikani kila mahali. Asipopatikana, mtoto hushindanishwa na wenzake ambao miguu yao miwili hutii, hufika wa mwisho, na walio kando ya uwanja huona kwamba hukumu yao ya njiani ilikuwa ya haki.