Safari ya meli wakati wa korona: Tulivyomnyima Mama, na tulichompa

Marehemu baba yangu alifanya kazi bandari ya Tanga kwa zaidi ya miaka 30. Enzi hizo meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga mbali kidogo, katikati ya ghuba, na mizigo ikapelekwa kwa matishari. Baba alikuwa kuli. Alfajiri alipanda tishari pamoja na marobota ya mkonge, akayapakia melini, jioni akarudi nyumbani. Alipanda meli mamia ya mara, lakini hakuna hata moja iliyong'oa nanga yeye akiwa ndani.

Mama ndiye aliyekuwa akimngoja. Meli ikipiga honi usiku, alikuwa akituambia sisi watoto, "Ipo siku nami nitapanda. Nitakwenda iendako, nile chakula chao, nirudi."

Siku hiyo ilikaribia Oktoba 2021. Mama, akiwa na miaka 72, alikuja kututembelea hapa Houston, Marekani. Kabla ya kuondoka Tanga alikuwa ameshachanja dozi moja ya Johnson & Johnson. Wimbi la Delta lilikuwa linashuka, na meli za kitalii zilikuwa zimeanza tena kutoka bandari ya Galveston tangu Julai. Kaka yangu anayeishi Dallas akasema, tumpe Mama meli yake. Tukalipia usiku tano, Galveston hadi Cozumel na Progreso nchini Mexico, wiki ya pili ya Januari 2022. Tulikuwa sita: Mama, kaka, mimi, baba watoto na watoto wetu wawili, wa mwisho akiwa na miaka minne.

Mama alijishonea magauni mawili. La pili, alisema, ni la kukaa sitaha jioni.

Omikroni inabisha hodi

Mwishoni mwa Novemba tukasikia jina jipya, Omikroni. Kufikia Krismasi, nusu ya wafanyakazi wenzangu walikuwa nyumbani wakikohoa. Kisha tarehe 30 Desemba, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikapandisha tahadhari ya safari za meli za kitalii hadi ngazi ya nne, ya juu kabisa. Ujumbe ulikuwa mfupi: epuka safari hizo, hata kama umechanja.

Takwimu walizotoa zilinikosesha usingizi. Kati ya Novemba 30 na Desemba 14, meli zilizo chini ya usimamizi wao ziliripoti maambukizi 162. Katika wiki mbili zilizofuata, Desemba 15 hadi 29, yalikuwa 5,013.

Jioni ya mkesha wa mwaka mpya tukafanya kikao cha familia. Kaka alikuwa kwenye simu.

Hoja zake hazikuwa za mzaha. Alisema, "Dada, melini kila mtu mzima lazima awe amechanja na amepimwa kabla ya kupanda. Dukani unakonunua unga nani anapimwa?" Akaongeza kwamba wengi wa hao 5,000 hawakuumwa sana. Yote mawili yalikuwa kweli.

Baba watoto naye alikuwa na yake. Mama ana kisukari na presha. Mtoto wetu wa mwisho hakuwa na chanjo, kwa sababu wakati huo Marekani haikuwa imeidhinisha chanjo kwa walio chini ya miaka mitano. "Tunabeba wawili walio dhaifu kuliko wote," alisema, "tunawaweka mahali ambapo daktari ni mmoja au wawili."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu lake: "Nina miaka 72. Mnaniambia nisubiri. Mpaka lini?"

Kwa nini meli si kama duka

Usiku ule nilirudi nyuma, nikasoma yaliyotokea mwaka 2020.

Wengi mtakumbuka Diamond Princess. Mwanzoni mwa Februari 2020 meli hiyo ilizuiwa bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, abiria na wafanyakazi pamoja. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong siku chache kabla alikuwa amegundulika na virusi. Abiria wakaambiwa wabaki vyumbani. Wafanyakazi, ambao huko chini hulala wawili wawili au zaidi katika chumba kimoja, waliendelea kupika na kugawa chakula mlango kwa mlango. Mwisho wa yote, zaidi ya watu 700 walikuwa wameambukizwa.

Mwezi uliofuata Zaandam iliondoka Buenos Aires. Watu wakaanza kuugua baharini, na bandari moja baada ya nyingine ikakataa kuipokea. Wanne walifariki ndani yake kabla haijafika Fort Lauderdale, Florida, Aprili 2. Nchini Australia kosa lilikuwa kinyume chake: Machi 19 abiria wapatao 2,700 wa Ruby Princess waliruhusiwa kushuka Sydney bila kuzuiwa, wakatawanyika na virusi. Vifo 28 vilihusishwa na safari hiyo moja.

Tuseme haki: mwaka 2020 hakukuwa na chanjo, na vipimo vilikuwa vya shida. Mwaka 2022 si 2020. Lakini jambo moja halikubadilika, nalo ni meli yenyewe. Dukani unakaa nusu saa na kutoka. Melini unakula, unacheka na unapita korido nyembamba na watu walewale kwa siku tano. Na ukiugua, huwezi kuita teksi. Hata Desemba hiyo ya 2021, bandari kadhaa za Karibi na Mexico zilikatalia abiria kushuka kwa sababu ya maambukizi ndani ya meli.

Asubuhi nilipiga simu kwenye bima ya wageni tuliyomkatia Mama. Aliyepokea alisema wazi: inalipa akiugua ndani ya Marekani. Akiugua baharini, au akishushwa Mexico, ni juu yetu. Hapo ndipo niliona kwamba tangu mwanzo tulikuwa tunajiuliza swali lisilo sahihi. Tulikuwa tunauliza, "Je, Mama ataambukizwa?" Hilo anajua Mungu. Swali letu lilikuwa, "Mama akiugua siku ya tatu, atakuwa wapi, na nani, na nani atalipa?" Hilo tulikuwa na jibu lake, na jibu halikutupendeza.

Halafu kulikuwa na safari ya kurudi nyumbani. Tanzania ilikuwa ikidai cheti cha kipimo cha PCR. Kipimo kikionyesha virusi, tiketi ya ndege nayo inakwenda.

Tukaahirisha. Kampuni haikurudisha fedha, ila ilikubali kutuwekea malipo yetu kwa safari ya baadaye. Kaka alinuna kidogo, kisha akakubali.

Kazi ya kumwambia Mama ikaniangukia mimi. Alikuwa ametoka kusali. Alinisikiliza, akakunja msala wake polepole. "Baba yako nilimngoja miaka 30," alisema, "kila jioni akiniletea habari za meli. Na wewe mwanangu umeniletea habari za meli."

Siku mbili alizungumza nasi kwa adabu tu.

Galveston, bila tiketi ya meli

Siku ambayo tungesafiri, nilimwambia Mama avae gauni la sitaha. Hakuuliza kwa nini.

Galveston ni kisiwa kirefu chembamba, kilomita 80 hivi kusini-mashariki mwa Houston. Unavuka daraja refu juu ya ghuba, na hewa inabadilika hapo hapo: chumvi, samaki, mafuta ya meli. Mama alishusha kioo cha gari. "Tanga," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu tuondoke nyumbani.

Mji huu unaijua bahari kwa uzuri na kwa ubaya. Septemba 1900 kimbunga kiliua hapa zaidi ya watu 6,000, na baadaye wakajenga ukuta mkubwa wa kuzuia mawimbi, ambao leo watu hutembea juu yake jioni kama sisi tunavyotembea Raskazone. Hapa pia ndipo Juni 19, 1865, ilipotangazwa kwamba watumwa wa Texas wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Rais Lincoln. Mama, aliyezaliwa Pangani mahali ambapo wazee bado husimulia misafara ya watumwa kutoka bara, alitaka kusomewa maelezo hayo mara mbili.

Kisha tukaenda kwenye kivuko. Serikali ya jimbo inaendesha vivuko kati ya Galveston na rasi ya Bolivar, usiku na mchana. Safari ni kama dakika 18, na ni bure kabisa, wewe na gari lako.

"Bure?" Mama alishangaa. "Hata pantoni la Pangani kwenda Bweni tunalipa!"

Tuliacha gari chini, tukapanda ngazi hadi juu, kwenye upepo, mbali na watu wengine. Shakwe walitufuata. Mtoto alikuwa wa kwanza kuona pomboo wawili wakiruka mbele ya kivuko. Upande mmoja lilionekana gofu la meli ya zege iliyoachwa majini pale tangu miaka ya 1920. Nyuma yake ni kisiwa cha Pelican, ambako zamani abiria wa meli walikuwa wakishikiliwa karantini. Galveston ilipigwa sana na homa ya manjano. Mwaka 1867 pekee iliua mamia ya watu.

"Kama Changuu," Mama akasema. Kisiwa hicho cha Zanzibar, ambacho watalii hukiita cha gereza, nacho kilikuwa cha karantini ya homa hiyohiyo.

Nilimweleza kwamba neno lenyewe linatokana na hesabu ya siku 40 ambazo watu wa Venice walizilazimisha meli kungoja nje ya mji wakati wa tauni. Mama alitafakari.

"Basi ni eda," alisema. "Nilikaa eda ya baba yako miezi minne na siku kumi. Watu hudhani ni adhabu. Si adhabu. Ni siku za kungoja zilizohesabiwa."

Jioni tulivuka tena kurudi, na katikati ya mlango wa bandari ndipo tulipoiona. Meli nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, ikitoka taratibu kuelekea baharini. Taa zilikuwa zimeshawashwa na muziki ulitufikia kwa vipande. Ilikuwa meli yetu. Watu walikuwa wamejipanga kwenye vyuma, wakipunga. Mama alipunga kwa mikono miwili, upepo ukipeperusha lile gauni. Alipunga mpaka ikawa ndogo.

"Mungu awafikishe salama," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Ningependa kuwa mle. Nakwambia tu, ujue."

Nilijua, na najua hadi leo. Kumlinda mzazi kuna gharama, na mara nyingi mlipaji ni yeye mzazi.

Ya kujiuliza kabla ya kulipa

Sisemi kila familia ifanye kama sisi. Wapo tunaowajua waliosafiri Januari hiyo wakarudi wazima na picha nzuri. Ila kama mnapanga safari ya namna hii, kaeni kikao na mjibu haya kwa ukweli:

Nani dhaifu zaidi kati yenu? Pimeni safari kwa huyo, si kwa kijana mwenye afya.

Bima inafanya kazi wapi? Ombeni jibu la maandishi kuhusu baharini na nchi mtakazofika, pamoja na gharama za kumsafirisha mgonjwa.

Kipimo kikionyesha virusi siku ya tatu, nani atabaki na mgonjwa na nani atabaki na watoto?

Fedha zenu zitarudi, zitaahirishwa, au zitapotea? Jueni kabla ya kulipa.

Mkirudi, mtakutana na nani? Kama kuna bibi au mgonjwa nyumbani, naye ni abiria wenu.

Na mwisho, mwenye safari ameulizwa? Sisi tulimjadili Mama muda mrefu kabla ya kumsikiliza. Tungeamua vilevile, lakini tungeamua naye.

Kwa msomaji anayevuka kwenda Unguja kwa shughuli zake, hali si sawa. Boti ya saa mbili si hoteli ya siku tano, na safari ya lazima si ya starehe. Vaa barakoa, kaa penye upepo, nenda salama.

Februari 15, 2022, CDC ilishusha tahadhari kutoka ngazi ya nne hadi ya tatu. Kaka alipiga simu kabla sijamaliza kusoma habari. "Mpe Mama simu! Wameshusha!"

Mama alikuwa arudi Tanga mwezi uliofuata. Alikuwa ameshapata dozi yake ya nyongeza, na malipo yetu melini yalikuwa bado hai. Alimsikiliza kaka hadi mwisho, akicheka, kisha akamuuliza: "Umeuliza bima?"

Kaka akanyamaza.

"Kaulize kwanza. Nami nitakuja tena, Mungu akipenda. Eda haijaisha, mwanangu, lakini siku zake zinahesabika."

Gauni la sitaha ameliacha kabatini kwangu.