Nairobi ya Kompyuta na Watoto Wetu wa Pwani

Mji wa Nairobi una deni la kale kwa Mombasa. Reli iliyouzaa ilianza kujengwa huku kwetu mwaka 1896, na ilipofika kwenye nyanda zile za baridi mwaka 1899, kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji. Miaka mia na kumi baadaye jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Mwaka 2009 mikongo ya mawasiliano iliyotandazwa chini ya bahari ilifika katika ufuo wetu: TEAMS uliotoka Fujairah, na SEACOM uliopita pwani ya mashariki ya Afrika. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Bahari ni ile ile waliyoivuka manahodha wetu kwa kaskazi na kusi. Tofauti ni kwamba safari hii shehena ilishuka Mombasa, na soko lake likafunguliwa Nairobi.

Wazazi na ndugu wasomaji, katika miezi ya karibuni tumeulizwa mara nyingi, baada ya darsa na hata katika karamu za harusi, swali moja lenye sura nyingi. Kijana wangu amemaliza masomo ya kompyuta, je, nimwache aende Nairobi? Binti yangu ameitwa kazini Westlands, je, ataishi na nani? Na mwingine huuliza kwa uchungu: mbona wanaokwenda hawarudi? Tukaona si haki kujibu kwa kukisia. Tukapanda treni ya Miritini tukaenda kujionea.

Safari hiyo nayo ina somo lake. Baada ya Emali, treni inapokaribia Athi River, mtu huzipita nyanda za Konza. Huko serikali ilitenga ekari 5,000 ili kujenga mji mpya wa teknolojia, kiasi cha kilomita sitini kutoka Nairobi, na mwezi wa Januari 2013 Rais Kibaki akauzindua ujenzi wake. Aliyesikia sifa zake hutarajia kuona minara imesongamana. Atakachokiona zaidi ni uwanda mpana na anga kubwa, kwani mji haumei kwa tangazo. Majengo yaweza kujengwa kwa fedha. Watu wa kuyajaza hulelewa kwa miaka.

Nairobi yenyewe haikungoja Konza. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na leo hakuna mama muuza mahamri asiyeijua. Wachache wanakumbuka kwamba programu yake ya mwanzo ilijengwa Uingereza, na kwamba mitambo iliyoiendesha ilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, ilipohamishiwa Kenya. Fedha zetu zilikuwa zikitoka Kongowea kwenda Likoni kwa kupitia Ulaya. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi ilipokuwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, vijana wachache waliijenga Ushahidi, programu ya kukusanya habari za wananchi kwa simu na kuzionyesha kwenye ramani. Programu hiyo ikaja kutumiwa hata Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Mwaka huo huo wa 2010, katika jengo moja la Ngong Road, ikafunguliwa iHub, mahali ambapo kijana mwenye kompyuta na wazo alipata meza, intaneti ya kasi na wenzake wa kushauriana nao.

Tulipita Ngong Road asubuhi ya Jumatatu. Barabara imepanuliwa, na vioski vya chai vimesalia pembezoni mwake. Vijana wamebeba mifuko ya kompyuta mgongoni jinsi wazee wetu walivyobeba vikapu vya kwendea sokoni. Kutoka hapo hadi Westlands ni mwendo mfupi, lakini ni kama kuvuka kutoka bandari ya majahazi kwenda bandari ya meli kubwa. Huko kwenye Waiyaki Way ndiko kampuni kubwa za dunia zilikotua. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi mwaka 2019. Mwezi wa Aprili 2022 Google ilitangaza kuwa kituo chake cha kwanza barani Afrika cha kutengenezea bidhaa kitakuwa Nairobi, na Visa ikafungua chake mwezi uo huo. Amazon nayo ikaja.

Hapo ndipo ulipoanza mvutano tulioufuata. Meli kubwa hazikuja na mabaharia wao. Ziliwatafuta humu humu, katika majahazi.

Bwana mmoja mwenye kampuni ndogo ya watu tisa, karibu na Ngong Road, alitukaribisha ofisini kwake kwa chai ya tangawizi. Kampuni yake hutengeneza programu za hesabu kwa ajili ya maduka na vyama vya akiba. Tulimwuliza hali, akacheka kidogo kisha akanyamaza.

"Sheikh, sisi tumekuwa chuo kisicholipwa karo," akasema. "Namchukua kijana katoka chuo kikuu na shahada yake, lakini hajawahi kuiona kazi ya kweli. Namlea miaka miwili. Anaharibu, tunatengeneza. Siku anapoanza kuzaa matunda, simu yake inalia."

Katika mwaka mmoja walimwondokea watu watatu kati ya tisa. Mmoja wao ndiye aliyekuwa peke yake akiujua mfumo wa malipo, na alipoondoka wateja walikaa wiki tatu bila huduma. Mshahara alioahidiwa kule ulikuwa mara tatu ya ule wa hapa. "Nimlaumu vipi?" akauliza. Kisha akatuambia jambo lililotukaa moyoni kuliko mengine yote: tangu mwaka ule hachukui tena wanaotoka chuoni. Huajiri waliokwisha pikwa na wengine tu, akiwapata.

Jambo hili tulitafakari pamoja, ndugu wasomaji, kwa kuwa hapa ndipo watoto wetu wanapoumia. Wengi hudhani Nairobi inakosa vijana wa kompyuta. Sivyo. Kila mwaka vyuo vinatoa mahafali, na wengi wao wanakaa nyumbani wakituma maombi ya kazi. Kinachokosekana ni mafundi waliokomaa, wale waliokwisha kuvunja na kujenga upya mara nyingi. Fundi wa programu hakomai darasani, kama vile seremala wa majahazi hakomai kwa kutazama mbao. Lazima awe mwanagenzi chini ya mkono wa fundi, aambiwe "hapa umekosea, rudia," na arudie. Kampuni ndogo ndizo zilizokuwa zikifanya kazi hiyo ya malezi. Zinapoacha kwa kuchoka kunyang'anywa, mlango wa wanagenzi hufungwa, na baada ya miaka michache hata hao wakubwa watakosa wa kuchukua. Mtu akivuna kila mwaka bila kurudisha mbegu shambani, lawama asiutupie udongo.

Malalamiko ya namna hii yalisikika hadharani mwaka 2022, na hayakutokana na kampuni kubwa za Westlands peke yake. Tangu maradhi ya korona yawazoeshe watu kufanya kazi wakiwa nyumbani, kijana wa Buruburu aweza kuajiriwa na kampuni ya Marekani bila ya kuvuka Uhuru Highway. Kisha shilingi ikadhoofika hata mwezi wa Januari 2024 dola moja ikapita shilingi 160. Aliyelipwa kwa dola aliuona mshahara wake ukikua bila kuongezwa, na mwajiri anayekusanya shilingi akakosa cha kushindania.

Lakini hatukutaka kusikia upande mmoja. Binti mmoja wa Kisauni, ambaye sasa ni mhandisi wa programu katika kampuni kubwa ya kigeni, alitupokea South C, nyumbani kwa mamake mdogo anakokaa. Amehifadhi juzuu kumi na ameandika programu ambazo sisi hatungeweza hata kuzieleza. Tulimwuliza: "Binti yangu, ulipoiacha kampuni ya kwanza, hawakuumia?"

"Waliumia, Sheikh wangu," akajibu. "Walionifunza ni wao, na waliokuja kunilipa ni wengine. Lakini baba amestaafu bandarini, na wadogo zangu watatu wanasoma. Sikuondoka kwa siri. Nilikaa miezi miwili nikamfundisha aliyeshika mahali pangu, ndipo nikaaga."

Mamake mdogo akaongeza kwa sauti ya chini kwamba binti huyu ndiye anayelipa kodi ya nyumba ya Kisauni. Basi ni nani atakayesimama mbele ya mtoto kama huyu amwambie mshahara wake ni dhambi? Ujira mzuri kwa kazi halali ni neema, na mfanyakazi si mali ya mwajiri. Tunalolisifu kwake ni namna alivyoondoka. Kazi aliyoishika ilikuwa amana, akaikabidhi kama amana inavyokabidhiwa. Tumewasikia wengine wanaozima simu siku ya Ijumaa na Jumatatu wako ofisi nyingine. Hao ndio wanaowafanya waajiri wasiwaamini wanaokuja nyuma yao.

Wako pia vijana wasiosimuliwa katika sherehe za uzinduzi. Hao huketi safu kwa safu, au katika chumba cha kupanga, wakitia alama kwenye picha na maneno ili mashine zijifunze, au wakichuja machukizo yanayotumwa mitandaoni ili sisi tusiyaone. Kazi hiyo ina malipo madogo, na baadhi ya walioifanya walikwenda mahakamani Nairobi wakilalamikia mishahara na madhara ya nafsi. Mzazi akiambiwa mwanawe "anafanya kazi ya teknolojia", na aulize ni ipi.

Na meli kubwa hung'oa nanga zikipenda. Mwaka 2024 Microsoft ilikifunga kituo chake cha Lagos, pacha wa kile cha Nairobi. Mji uliowakabidhi wageni mafundi wake wote, na kampuni zake ndogo zikafa, siku hiyo hubaki na majengo matupu.

Tulirejea Mombasa tukiwa na hoja iliyotulemea zaidi. Nairobi inalia kwamba mafundi wake wanachukuliwa na wakubwa wa dunia. Mombasa je? Sisi ni kwa Nairobi kile ambacho kampuni ndogo ya Ngong Road ni kwa Westlands. Tunazaa, tunalea, tunasomesha, kisha tunasindikiza Miritini. Nao mkongo unaowalisha huko unaanzia mchangani petu.

Hatukosi pa kuanzia. Chuo Kikuu cha Ufundi kilichoko Tudor ndicho kile ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la MIOME, kilichoasisiwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Walioanzisha jambo hilo kwa sadaka zao waliona mbali. Karibu na Fort Jesus, tangu mwaka 2016, iko Swahilipot, ambako vijana hukutana kujifunza uandishi wa programu na sanaa. Mwaka 2022 taasisi ya mitaala ya nchi iliidhinisha masomo ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari. Mbegu zipo. Zinazokosekana ni mikono ya kuzimwagilia.

Kwa hiyo majibu yetu kwa wazazi ni haya. Mtoto akiitwa kazini, kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni ni nani atakayemfunza. Miaka miwili chini ya fundi mwema, hata kwa ujira mdogo, ni mtaji usioibwa. Binti akitaka kwenda, msimfungie mlango kwa hofu tu. Mtafutieni jamaa mwema wa kukaa naye, kama alivyofanyiwa huyu wa Kisauni. Na akipata kazi inayofanyika nyumbani, basi iheshimuni kama kazi: mpeni chumba chenye utulivu na saa zake, asiitwe kupepeta mchele katikati ya mkutano kwa sababu tu "yuko nyumbani".

Kwa wafanyabiashara wetu, wenye mahoteli, maduka na ofisi za kutoa mizigo bandarini, tuna ombi. Mnapotaka programu, mwulizeni kwanza kijana wa hapa, na akimaliza mlipeni kwa wakati. Wengi waliotukimbia walikimbia madeni yetu. Mnapowaajiri, andikeni mkataba wa haki, uonyeshe muda wa kufunzwa na muda wa kuaga, ili kila upande ujue mpaka wake.

Na kwa watoto wetu mlioko Nairobi, ambao mamenu hutusomea salamu zenu kwenye simu: hatuwaambii mrudi kesho. Mkija likizo ya Disemba, tengeni siku mbili tu, mkae na wadogo zenu mtaani, mfungue kompyuta mbele yao, mseme lile neno la mafundi: "Hapa umekosea, rudia." Mlango uliofungwa Ngong Road waweza kufunguliwa Kisauni, in shaa Allah.