Mombasa na Nairobi

Katika nchi ya Kenya iko miji miwili ambayo watu hawachoki kuishindanisha. Mmoja ni Mombasa, uliokaa juu ya kisiwa, maji ya chumvi yakiuzunguka pande zote. Wa pili ni Nairobi, uliokaa bara, mahali palipoinuka karibu meta 1,700 juu ya bahari. Kati yao iko njia ya kilometa 480 hivi. Walakini ukiwasikiliza wenyeji wanavyosemana utadhani ni mbali kama mbingu na nchi.

Kama miji ingekuwa watu, Mombasa angekuwa mama mtu mzima, aketiye barazani na buibui lake, mwenye habari za kale. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika kwake mwaka 1331, akaona watu wacha Mungu na misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Alilala usiku mmoja tu, kisha akashika njia ya Kilwa. Lakini Mombasa hawezi kusahau kwamba alilala. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, na Waarabu wa Oman wakaitwaa ngome hiyo mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Basi mtu wa Mombasa akitaka kumtambia mgeni hana haja ya kupaza sauti. Humwonyesha kuta zile, akanyamaza.

Nairobi hana ukuta wa namna hiyo wa kuonyesha. Mwaka 1899 wajenzi wa reli kutoka Mombasa walifika penye bwawa la matope, katika nchi ambayo Wamasai walinywesha ng'ombe wao. Mbele yao palikuwa na mwinuko mkali, na nyuma yake Bonde la Ufa. Kabla ya kuupanda walitaka mahali tambarare pa kuweka vyombo vyao na mahema yao, wakasimama hapo. Hiyo ndiyo asili ya mji mkuu: hapana mfalme aliyeuchagua, wala nabii aliyeuota, ila watu wa reli waliotaka kupumzika kabla ya mlima. Mwaka 1902 tauni iliingia, madukani pakatiwa moto, na waganga wakashauri mji uhamishwe penye nchi kavu zaidi. Lakini watu walikuwa wamekwisha kufungua biashara, na mwenye duka hahamishwi upesi kwa maneno ya mganga.

Sasa, kila chuma cha reli ile kilikuwa kimeshushwa kutoka melini huko Mombasa. Kwa hiyo Nairobi ni mtoto wa Mombasa, apende asipende. Naye mtoto huyo, alipokuwa na umri wa miaka sita tu, mwaka 1905, alimpokonya mamaye kiti, kwa maana serikali ya Kiingereza ilihamisha makao yake kutoka pwani ikayapeleka bara. Mwaka 1950 mtoto akapewa na cheo cha jiji. Mama alikingoja cheo hicho zaidi ya miaka hamsini mingine.

Jambo la kuchekesha kuliko yote ni maji. Jina la Nairobi latoka katika maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Nenda leo ukautazame mto wenyewe: umechafuka hata mwenye kiu huupita akitazama kando. Maji ya kunywa mji huyapata sana kutoka bwawa la Ndakaini, mbali kule milimani. Mombasa naye amezungukwa na maji mengi kuliko awezavyo kuyahesabu, asipate humo kikombe kimoja cha chai. Sehemu ya maji yake hutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo, yakasafiri ndani ya bomba zaidi ya kilometa 200; na huko yatokako viboko huoga kwanza. Katika miji yote miwili, bomba likikauka, utamwona mtu yule yule akisukuma mkokoteni wake wa mitungi, akitaja bei yake bila haya. Huyo hana ugomvi na mji wo wote.

Mtu wa Mombasa akienda Nairobi mwezi wa Julai, hushuka garini na kanzu nyembamba, meno yakigongana. Huingia dukani kununua fulana ya sufu. "Sabalkheri, ndugu yangu," asema. "U hali gani? Na watu nyumbani, hawajambo?" Mwenye duka humtazama kama mtu aliyepotea njia, akajibu, "Unataka nini?"

Mtu wa Nairobi naye huenda Mombasa mwezi wa Februari, amevaa koti, jasho likimtiririka. Adhuhuri hufika dukani, akakuta mlango umefungwa. Mzee aliyeketi barazani humwambia, "Keti, mwanangu. Mwenyewe atafungua alasiri."

"Alasiri saa ngapi, mzee?"

"Alasiri hiyo hiyo."

Kwa habari ya lugha, mtu wa Mombasa husikia Kiswahili cha Nairobi kama asikiaye sahani zikivunjika jikoni. Wa Nairobi hujibu kwamba Kiswahili cha Mombasa ni kizuri sana, ila huchukua mchana kutwa kufika. Na Nairobi ana simba, tangu ilipofanywa mbuga ya wanyama mpakani mwake mwaka 1946. Mwaka 2016 simba mmoja alitoka, akaonekana akitembea katika barabara iitwayo ya Mombasa. Labda baridi ilikuwa imemchosha.

Mwaka 2017 reli mpya ilianza kuchukua abiria, na safari iliyokuwa ya usiku kucha ikawa ya muda wa saa tano au sita. Watu wa pande zote mbili wakafurahi. Lakini reli hiyo ilichukua na mizigo pia. Nairobi, mji usio na bahari, una bandari! Huitwa bandari kavu, nayo iko Embakasi. Mwaka 2019 ilipoamriwa shehena za bara zipande reli moja kwa moja, kicheko kilikoma Mombasa. Wenye malori walikosa mizigo. Fundi wa magurudumu akakosa magurudumu. Na mama auzaye wali kando ya njia akapika sufuria nzima, asipate wa kula. Watu waliandamana barabarani. Kupokonywa kiti mama aliweza kuvumilia, lakini kupokonywa chungu ni jambo jingine. Mwezi wa Septemba mwaka 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo itarudi katika bandari ya Mombasa, na huko pwani hapakuwa na aliyeuliza alasiri ni saa ngapi.

Walakini Desemba ikifika, watu wa Nairobi huligombea garimoshi kama watu wanaokimbia gharika, wakishuka pwani. Mombasa huwapangisha vyumba, huwauzia madafu na viazi vya karai, na huwacheka wanavyokimbia wimbi lisilofika magotini. Wako wengine ambao wakati wa kurudi hujaza chupa maji ya bahari, wakaichukua kwa uangalifu hata nyumbani. Huko chupa hupitishwa mkono kwa mkono. Kila mmoja huonja, hukunja uso, husema, "Kumbe ni kweli," akampa wa pili.