Nyuma ya Ukuta wa Ngome

Mgeni anayeshuka bandarini Unguja hachukui hatua nyingi kabla macho yake hayajaiangukia Ngome Kongwe, jengo pana la mawe na chokaa lililoelekea bahari. Waomani walilijenga baada ya Wareno kutolewa katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17, pahali palipokuwa na kanisa la hao waliotolewa. Wenyeji waliliita Gereza, na neno hilo asili yake ni Kireno, maana yake kanisa. Baadaye jengo likatumika kwa kufungia watu, na neno likageuka maana pamoja na jengo. Tangu mwaka 2004 kuta zizo hizo, mwezi wa Februari unapofika, zimekuwa zikipokea watu wa namna nyingine: wapigaji na waimbaji wa nchi nyingi za Afrika na visiwa vyake, wanaokuja katika tamasha liitwalo Sauti za Busara.

Nyuma ya ukuta wa Ngome, katika kichochoro kisichopitika kwa gari, alikuwako fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Katika ujana wake alipiga fidla katika kikundi cha taarab. Vidole vilipoanza kuwa vizito aliitundika fidla ukutani, akabaki na sindano. Mtu huyu aliujua muziki kwa nasaba yake. Alijua kuwa Sultani Barghash ndiye aliyeileta taarab kutoka Misri iwe burudani ya jumba lake. Kuwa Akhwan Safaa waliunda chama chao mwaka 1905. Na kuwa Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, aliutoa wimbo majumbani kwa wakubwa akawapa watu wote kwa Kiswahili chao, hata mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Kwake yeye muziki ulikuwa na adabu. Watu huketi, husikiliza, na yule ambaye beti imemgusa moyo huinuka taratibu, akaenda mbele, akamtunza mwimbaji kwa fedha. Asiyetunza, alizoea kusema, ama hakusikia ama hana shukrani.

Tamasha lilipoanza hakulipenda. Ngoma zilivuka ukuta zikaingia dukani mwake bila ya hodi, zikakaa mpaka usiku wa manane. Baadhi ya wageni walipita mitaani na mavazi yasiyolingana na heshima ya mji wa Waislamu. Wanamuziki wengine walicheza mambo ambayo sikio lake halikuyatambua. Barazani, mbele ya kikombe cha kahawa, alisema kuwa hii ni sherehe ya wageni iliyopangishwa nyumba ya wenyeji. Maneno yake hayakuwa ya uwongo mtupu, na wenzake waliyaitikia.

Lakini zilikuwako habari nyingine ambazo hakuzisema barazani. Februari ulikuwa mwezi wake wa mavuno. Wageni walileta kanga na vitenge vishonwe kanzu na mashati kwa siku mbili, na vikundi vya ngoma vilileta sare za maandamano ya ufunguzi. Fedha za Februari zililipa ada za skuli za mwaka. Ya pili ilikuwa siri zaidi. Kila mwaka, jioni za tamasha, alichelewa kufunga duka. Alizima taa, akaketi katika giza ameegemeza kisogo ukutani, akisikiliza.

Hivyo ndivyo alivyomsikia Bi Kidude, ambaye mara kadhaa alipanda jukwaa la Ngome Kongwe akiwa mkongwe wa miaka isiyojulikana kwa hakika. Sauti ile, kavu kama mti uliopigwa na kaskazi, ilibeba nyimbo za Siti na ngoma za unyago pamoja. Fundi aliitambua kama mtu atambuavyo mlango wa kwao. Machozi yalimtoka. Hatua zisizozidi hamsini zilimtenga na mwimbaji, naye hakuzipiga. Alijiambia kuwa mwaka mwingine upo. Tarehe 17 Aprili 2013 Bi Kidude alifariki dunia, na fundi akafuatana na watu wengi katika mazishi. Alitambua njiani kuwa sauti iliyomliza hakupata kuitunza hata kwa senti moja.

Kisha ukaja mwaka 2016, na tamasha halikufanywa. Gharama zake zilikuwa zikitegemea sana wafadhili, wengi wao wa nje, na mara hiyo fedha zilizohitajika hazikupatikana. Februari ikapita kimya. Cherehani ya fundi ilipumzika. Kahawa ilinyweka barazani kama kawaida, ila waliokuwa wakilalamikia kelele sasa walilalamikia kimya, wakalaumu serikali, wakalaumu matajiri, wakalaumu hao wafadhili. Fundi naye alilaumu, kwa ufasaha mkubwa.

Binti yake, aliyekuwa akijifunza kupiga kanuni, alikuwa amekuja na chakula cha jioni. Alimsikiliza hata alipomaliza, akauliza kwa upole:

“Baba, uniwie radhi. Katika miaka hii yote kumi na miwili, ulipata kukata tiketi ngapi?”

Baraza ikanyamaza. Jibu lilikuwa halina hesabu. Wala umasikini haukuwa udhuru, kwa kuwa mwenyeji hulipa sehemu ndogo tu ya bei anayotozwa mgeni. Fundi alitazama kikombe chake, akasema, “Hata moja, mwanangu.” Usiku ule aliishusha fidla, akaipangusa vumbi, asiipige.

Tamasha lilirudi Februari 2017. Fundi alivaa kanzu na koti, akakata tiketi, akaingia kwa lango ambalo alikuwa akilipita kila siku ya maisha yake. Bendi ya kwanza hakuipenda, na hakujilazimisha kuipenda. Ya pili aliivumilia. Kilipopanda kikundi cha taarab, vijana waliomzunguka walikuwa wamesimama wakipiga picha. Yeye alingoja beti ikamilike, kwani ndiyo adabu, kisha akainuka. Alipita katikati ya watu kwa mwendo wa taratibu, mkono ukiwa juu na noti kati ya vidole viwili, akamtunza mwimbaji, akarudi. Wageni walimpigia makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Baadhi ya wenyeji walifahamu, na mmoja wao, kijana, akatia mkono mfukoni akafuata njia ile ile.

Neno gereza lilibadili maana kwa sababu watu walibadili matumizi ya nyumba. Sherehe nayo huwa ya wageni au ya wenyeji kwa kadiri ya wanaoishika mkono. Mji unaosikiliza kwa nyuma ya ukuta, ukala matunda ya shamba usilolipalilia, hauna haki ya kushangaa shamba linapokauka. Fundi alilijua hilo katika taarab tangu ujanani. Ilimchukua miaka kumi na mitatu kulijua katika tamasha.