Nilifunga rejeta nusu, fundi akalaumiwa

Wiki iliyopita saa saba usiku nilikuwa kitandani nikiangalia video ya injini ya roketi, halafu nikakumbuka maembe. Usingizi ukaisha.

Hiyo injini ni ya mlipuko unaozunguka. Weka kikombe kidogo ndani ya kikombe kikubwa, uone ule mwanya unaobaki katikati. Humo ndani mafuta hayawaki pole pole kama kwa jiko la gesi. Yanalipuka, na mlipuko unakimbia kuzunguka mwanya maelfu ya mara kwa sekunde moja, mbio kuliko sauti. Wanasema mafuta yale yale yanaweza kutoa nguvu zaidi. Shida ni ukuta. Kila wimbi likipita linavuruga ule utandu mwembamba wa gesi ambao huwa unaukinga ukuta kidogo, kwa hivyo joto linaingia vibaya sana. Ndiyo maana majaribio mengi yalikuwa ya sekunde chache tu, wanazima kabla chuma hakijaharibika. Mwaka wa 2023 NASA waliwasha moja kule Alabama, ikanguruma sekunde 251.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba injini waliyoijaribu 2022 ilikuwa ya aloi ya shaba. Shaba! Inayeyuka kwa digrii 1,085, na chuma cha pua kinavumilia hadi karibu 1,400. Kwa nini uchukue dhaifu? Kwa sababu shaba haikai na joto, inalipitisha haraka upande wa pili, mahali kuna kitu baridi kinapita kulibeba. Roketi nyingi hupitisha mafuta yake kwa vijitundu ndani ya ukuta kwanza, kabla ya kuyachoma. Hata sufuria ya mathe ni hivyo. Ikiwa na maji inakaa juu ya makaa mchana kutwa na haina shida. Sahau kuweka maji uone kama utakula jioni.

Sasa maembe.

Miaka mitatu iliyopita, likizo, nilikuwa tanboi wa Kanta ya anko. Tulikuwa tunatoa maembe Kerio Valley kuleta Eldoret. Kama umewahi kupanda ile barabara kutoka Biretwo, Tambach, hadi Iten, unajua vile gari linalia. Chini ni joto kama oveni, halafu ni kona na mlima bila kupumzika. Kabla ya kuanza kupanda tulisimama, injini ikapoa, anko akaniambia niongeze maji. Nikaongeza. Mfuniko nikaurudisha kwa kitambaa, nikasikia 'tak' moja, nikaruka ndani.

Mfuniko wa rejeta una 'tak' mbili, wasee. Ya kwanza inauzuia tu usianguke. Ya pili ndiyo inafunga presha.

Na presha si mchezo huku kwetu. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya bahari, na maji hapo yanachemka kwa kama digrii 92. Injini yenyewe ikiwa sawa kabisa inafanya kazi karibu 90. Mfuniko ukifunga vizuri, presha inafanya maji yavumilie hadi zaidi ya 110 bila kuchemka. Usipofunga, kadiri unavyopanda ndivyo unavyokaribia mvuke, na mvuke haubebi joto la ukuta kama maji.  Hedi inapinda, gasketi inaungua, imeisha.

Iliisha tukiwa juu ya Tambach. Moshi mweupe, maji yakiruka. Mfuniko ulikuwa bado umekaa mahali pake, kwa hivyo hakuna mtu aliuangalia mara mbili. Anko alikaa kwa jiwe bila kusema kitu. Maembe mengine tuliyauza pale pale kando ya barabara kwa bei ya kutupa, mengine yakaiva vibaya tukingoja gari la kuvuta.

Wiki mbili kabla, fundi fulani hapa Eldoret alikuwa amefungua hiyo hedi. Anko akaamua moja kwa moja kwamba aliwekewa gasketi feki. Alienda gereji akamfokea mbele ya wateja, mimi nikiwa nimesimama hapo nimeshika spana. Fundi akasema, "Mzee, niliweka ile uliyonunua wewe." Hakurudishiwa heshima. Anko hajawahi kurudi kwake, na akiulizwa na watu wa lori anawaambia wasipeleke.

Wakati huo sikuwa najua, naapa. Nilikumbuka hiyo 'tak' moja lakini nikajiambia mfuniko ulikuwa umekaa, kwani kuna nini? Ilibidi nione ukuta wa roketi ndio nielewe ukuta wa Kanta. Pengine gasketi pia ilikuwa mbaya, sitawahi kuthibitisha. Lakini mfuniko nilifunga mimi.

Anko hayuko huku mtandaoni, hii hataisoma. Yuko kwa simu ya mulika mwizi na Jumamosi yuko sokoni. Gereji iko hatua chache tu kutoka hapo. Nitaenda kwa anko kwanza, halafu nimwombe tutembee wote wawili hadi kwa fundi.