Vuli ya Kaskazini na Utamu wa Kuogopa

Neno vuli limewatia watafsiri mashakani kwa muda mrefu. Kwa mkulima wa Afrika Mashariki, vuli ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba: mbegu huota, mabonde hugeuka kijani, nao watoto huanza kuyatazamia mahindi mabichi. Neno hilo hilo hutumiwa pia kuyataja majira ya nchi za kaskazini ambapo majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, yakakauka na kupukutika. Kwa hivyo, msomaji wa Nairobi anapoelezwa kwamba Wamarekani na Waingereza wengi hupenda kutazama filamu za kutisha wakati wa vuli, ana haki ya kushangaa. Machipukizi yana uhusiano gani na mizuka?

Jibu laanzia katika mandhari. Nairobi iko karibu na ikweta, na mchana wake hukaribia kulingana na usiku mwaka mzima. Mgeni anayetoka huko akafika Chicago mwanzoni mwa Septemba, ataona ifikapo mwisho wa Oktoba kuwa mchana umepungua kwa muda wa takriban saa mbili na nusu. Miti iliyompa kivuli imebaki mifupa mitupu. Mavuno yamekwisha, na baridi imewarudisha watu ndani ya nyumba zao mapema. Kifo, ambacho miji ya kisasa hukificha hospitalini, huonekana waziwazi dirishani. Waselti wa Ireland na Scotland waliyatambua hayo zamani. Sherehe yao ya Samhain ilifunga mavuno na kufungua nusu ya giza ya mwaka, na ilisadikiwa kwamba usiku huo mpaka baina ya walio hai na viumbe wa ulimwengu mwingine hulegea. Baadaye Kanisa la Magharibi liliiweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ndio uitwao Halloween. Wahamiaji wa Ireland na Scotland waliuvusha bahari hadi Marekani, ambako ulistawi tangu karne ya 19.

Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Iwapo ni majira peke yake yanayozaa hamu ya kuogopa, mbona "Psycho" ya Alfred Hitchcock ilianza kuonyeshwa Juni 1960, "The Exorcist" siku moja baada ya Krismasi ya 1973, na "Jaws" Juni 1975? Isitoshe, Uingereza yenyewe ilikuwa na mazoea tofauti. M. R. James aliwasomea rafiki zake hadithi za mizuka huko Cambridge wakati wa Krismasi, nayo BBC ilionyesha filamu fupi za mizuka kila Krismasi kuanzia 1971 hadi 1978. Katika "The Winter's Tale" ya Shakespeare, mtoto Mamillius anapotakiwa asimulie hadithi huchagua ya huzuni, yenye mizuka, kwa kuwa ndiyo iufaayo msimu wa baridi. Ni dhahiri, basi, kwamba giza la mwaka hutoa nafasi tu. Ni desturi iliyoichagua Oktoba.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni filamu ya John Carpenter ya 1978 iitwayo "Halloween". Kisa chake kimewekwa Haddonfield, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois, mwishoni mwa Oktoba. Lakini ilipigwa California wakati wa machipuko, kwa fedha chache zisizofikia dola 400,000. Majani makavu hayakupatikana. Ikabidi majani yapakwe rangi, yamwagwe barabarani, kisha yaokotwe na kutiwa magunia ili yatumike tena katika onyesho lililofuata. Mtazamaji makini ataona miti ya kijani nyuma ya majani hayo, na hata mitende. Kundi lisilo na fedha lilikubali taabu yote hiyo kwa sababu majani yale yalikuwa na kauli ya kutoa kwa hadhira: hadithi imeanza, na ni hadithi ya aina hii.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Majani ya Carpenter yalifanya kazi ya "paukwa". Fanani anapotamka neno hilo na hadhira ikaitika "pakawa", pande zote mbili huwa zimekubaliana kuondoka katika ulimwengu wa kawaida na kuingia katika mwingine wenye kanuni zake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ngano zilisimuliwa usiku, na mtoto aliyezitaka mchana alitishiwa mikosi. Zimwi liliweza kumeza kijiji kizima bila ya kumdhuru mtoto aliyeketi mkekani kando ya nyanya yake, maadamu mlango wa kuingilia hadithini ulijulikana. Palipo na ikweta hapana vuli ya kupukutisha majani. Mlango huo ni usiku, nao hufunguka kila siku. Kaskazini, mlango mkubwa hufunguka mara moja kwa mwaka.

Wanafalsafa wameligusa jambo hili kwa njia mbalimbali. Aristotle aliona kwamba vitu vinavyouma macho vikiwa halisi, kama vile maiti, huweza kufurahisha vikiwa picha. Edmund Burke, mwaka 1757, alishikilia kuwa kitisho huleta raha kisipomkaribia mtu mno. Utafiti mmoja uliochapishwa 2020, uliowahusisha watu 110 waliotembelea nyumba ya vitisho mjini Vejle, Denmark, ulionyesha kwamba waliofurahi zaidi walikuwa wale ambao hofu yao ilikuwa ya wastani, si haba wala si ya kupita kiasi. Wastani huo, lakini, hautokani na kinachoonyeshwa pekee. Hutokana pia na mtazamaji kujua kuwa yumo hadithini.

Pale ambapo mtazamaji hajui, raha hugeuka. Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles alitangaza redioni mchezo uliotokana na "The War of the Worlds", ukiigiza taarifa za habari. Mwanzoni ilielezwa kuwa ni mchezo. Baadhi ya waliofungua redio wakiwa wamechelewa hawakuisikia kauli hiyo, wakaamini kwamba nchi imevamiwa. Magazeti yaliutia chumvi mtafaruku huo, lakini hofu ya hao wachache ilikuwa ya kweli. Tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilionyesha "Ghostwatch", mchezo uliorekodiwa mapema ukapewa sura ya matangazo ya moja kwa moja, ukiongozwa na watangazaji waliozoeleka na kuaminiwa. Malalamiko yalimiminika. Katika visa vyote viwili watunzi waliitegemea tarehe iwe "paukwa" yao, na si wote walioisikia.

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuwa mwangalifu. Wako wanaowaona wapenzi wa filamu hizi kuwa watu wakatili, na wako wanaodai kwamba hofu ya kubuni humfaa kila mtu. Wote wawili wanausahau mlango. Mtu aliyewahi kuyakimbia mapanga usiku hahitaji majani yaliyopakwa rangi, wala hadithi yake haiishi taa zinapowashwa. Biashara nayo huusukuma mlango huo uwe wazi daima: kuanzia 2004 hadi 2010, filamu moja ya mfululizo wa "Saw" ilitolewa kila Oktoba. Swali la mhakiki, basi, lisiwe tu filamu inatisha kiasi gani, bali imemwingiza nani, na imemtoaje.

Kuhusu kutoka, filamu ya Carpenter ina fundisho. Fanani wa ngano huifunga hadithi yake kwa kinywa chake: zimwi limekufa, waliomezwa wametoka tumboni, watu wakaishi raha mustarehe. "Halloween" haifanyi hivyo. Muuaji hupigwa risasi, huanguka kutoka juu, na anapotazamwa tena chini hayupo. Msuko umeachwa wazi. Kinachoufunga ni kalenda. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba vinyago huvuliwa, maboga yaliyochongwa sura za kutisha huanza kuoza vizingitini, na jirani hurejea kuwa jirani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wa kaskazini wamelipa zimwi lao tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka, na kwa sababu hiyo huweza kulikaribisha sebuleni.