Kinyama cha Titi Kina Siri Gani?



Huku kwetu Ng'ambo, mjini Tabora, katika vikundi vya wanawake kanisani tunasikia neno moja mara kwa mara: "Kisu kikigusa uvimbe wa titi, saratani huamka." Kwa neno hilo mama hukataa kukatwa kinyama cha kupima, hurudi nyumbani, na miezi hupita. Sisi wauguzi tumewapokea wenzetu wa namna hiyo titi likiwa limekwisha kuwa kidonda. Kisu hakikuiamsha saratani. Ilikuwa macho siku zote.

Basi kwa nini kinyama? Kwa sababu mkono huhisi uvimbe tu, hauwezi kuutaja jina. Tena uvimbe mwingi wa titi si saratani. Kwenye maabara kinyama hutiwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi ya zambarau na ya waridi, kisha daktari hukitazama kwa hadubini.

Titi lenye afya limepangwa vizuri kama sega la asali: vifuko vya maziwa na vijifereji vyake, kila kimoja na ukuta wake. Katika saratani iliyo ya kawaida zaidi, kama saba au nane katika kila kumi, seli huwa zimevunja ukuta wa kijifereji na kujikusanya ovyo, na nyama ya kando imekakamaa kama kovu. Ndiyo maana uvimbe wake huwa mgumu. Aina ya pili, kama moja katika kumi, seli zake hupita mojamoja kwa mstari, kama wapagazi wa misafara ya zamani hapa Tabora. Hiyo huweza isifanye uvimbe. Sehemu ya titi hunenepa tu, au chuchu huvutwa ndani. Nyingine hukutwa zingali ndani ya kijifereji, ukuta haujavunjwa. Hapo tumaini la kupona ni kubwa sana.

Kinyama hichohicho huonyesha pia kama saratani inalishwa na homoni, ili dawa ichaguliwe.

Mama mwenzetu, ukiona badiliko, mwambie baba watoto, mwende hospitali pamoja. Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam, hutibu saratani. Yule mama aliyetokwa na damu miaka 12 hakubaki nyumbani. Alijipenyeza katikati ya umati. Nasi tusijifiche. Tuombe, na kinyama kipimwe.